Tajiri wangu ni Mhindu na amenialika Diwali: wanaamini nini hasa?

"Nina umri wa miaka 29, ni Mkristo, na kwa miaka minne nimekuwa mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Tajiri wangu ni mzee wa Kibaniani. Mwaka huu ameniomba nikae na familia yake jioni ya Diwali, sikukuu yao ya taa, wakati vitabu vya hesabu vitakapoombewa. Mwaka jana niliviona vitabu hivyo siku ya pili yake: ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama nyekundu ambayo mimi naijua kuwa ni ya Hitler. Nyumbani wananiambia kwamba watu hawa wana miungu milioni 330, wanaabudu ng'ombe na masanamu, na wanaamini kwamba mtu mbaya akifa anazaliwa mbwa. Mwenzangu kazini anasema nikila ladu watakazonipa nitakuwa nimekula kafara. Tajiri ni mtu mwema na sipendi kumvunjia heshima, lakini pia sitaki kufanya jambo nisilolielewa. Wanaamini nini hasa?"

Dada yangu, ndani ya barua yako naona maswali matatu yaliyofungwa pamoja: Wahindu wanaamini nini, uliyoambiwa ni kweli kiasi gani, na je, uende au usiende. Mawili ya kwanza ndiyo kazi yangu, kwa kuwa nafundisha historia ya dini, na nitayajibu kwa kirefu. La tatu nitakusaidia kulipima, ila uamuzi wenyewe ni wako.

Tuanze na majina, maana Kiswahili chetu hukaribia sana kuyachanganya. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki si Wahindu kabisa: kuna Makhoja na Mabohora ambao ni Waislamu, kuna Makalasinga, kuna Wajaini wenye dini yao nyingine ya kale ya India, na kuna Wagoa ambao husali misa ya Jumapili katika kanisa Katoliki. Watu wa pwani zamani walilitatua tatizo hili kwa neno Baniani, lililotokana na jina la Kigujarati la jamii ya wafanyabiashara, wakalitumia kwa Wahindu wote, hata wasiouza kitu. Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inaonyesha namna tulivyowatazama majirani hao: tulikopa kwao huku tukiwanung'unikia. Kuwauliza wanaamini nini ni jambo ambalo wachache walilifikiria, na wewe sasa ni mmoja wao.

Hata jina Hindu lenyewe halikuanza kama jina la dini. Ni namna Waajemi walivyotamka Sindhu, jina la mto mkubwa ambao leo unapita Pakistan, na lilimaanisha tu watu wa upande ule wa mto. Wenyewe wengi hupenda kuiita dini yao Sanatana Dharma, yaani utaratibu wa milele. Haina mwanzilishi, haina mwaka wa kuzaliwa, haina kitabu kimoja wala baraza moja la kuamua nani yumo na nani katoka. Maandiko yake ya kale kuliko yote, Rigveda, yana umri wa zaidi ya miaka 3,000 na yalihifadhiwa kwa kukaririwa, mwalimu kwa mwanafunzi, muda mrefu kabla hayajaandikwa. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu Wahindu wapatao milioni 966 katika nchi hiyo peke yake, karibu watu wanane katika kila kumi, na walio wengi mno kati yao hawakuingia kwa kutamka shahada wala kwa kubatizwa; walizaliwa humo, wakalelewa humo, na wanatofautiana kwa mambo ambayo sisi tungeyaita makubwa.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Mkristo au Mwislamu akitaka kuijua dini ya mtu huuliza: unamwabudu nani, na ni wangapi? Ni swali la haki, lakini kwa Mhindu si swali la mlangoni. La mlangoni kwao ni hili: kwa nini mtu hatosheki, kwa nini anateseka, anakufa na kuanza tena, na atatokaje katika mzunguko huo? Ukiingilia kwenye idadi ya miungu utapotea kabla hujafika sebuleni, kwa hiyo nitakupitisha kwanza kwenye mlango wao, halafu tutairudia hiyo milioni 330.

Wanaamini kwamba ndani ya kila kiumbe hai mna nafsi isiyozaliwa na isiyokufa, wanayoiita atma. Bhagavad Gita, kitabu chenye sura 18 na beti 700 ambacho pengine ndicho kinachopendwa zaidi na Wahindu wa leo, kinasema katika sura ya pili kwamba kama vile mtu avuavyo nguo zilizochakaa na kuvaa mpya, ndivyo nafsi inavyoiacha miili iliyochakaa na kuingia katika mingine. Ukiishika picha hiyo ya nguo utaelewa pia kwa nini kuchoma maiti hakuwatishi kama kunavyotutisha wengi wetu.

Mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena huitwa samsara, na kinachouendesha ni karma. Neno karma kwa Kisanskriti maana yake ni tendo, basi. Si bahati, si mkosi, wala si majaliwa yaliyokwisha kuandikwa. Wewe ni mtunza hesabu, kwa hiyo nitatumia lugha ya kazi yako. Kila tendo, pamoja na nia iliyolisukuma, huingizwa kitabuni. Mwisho wa mwaka hufungi duka. Unafunga kitabu, unapata salio, na salio hilo unalihamishia kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya. Kifo kwa Mhindu ni mwisho wa mwaka wa namna hiyo. Walimu wao hugawa hata mafungu: kuna limbikizo lote la maisha yaliyopita, kuna fungu ambalo limeshaanza kulipwa, ambalo ndilo lililokupa mwili huu, wazazi hawa na mahali hapa ulipozaliwa, na kuna linaloandikwa sasa hivi kwa kila unalotenda. Fungu la pili huwezi kulifuta, lakini la tatu kalamu yake unayo mwenyewe. Anayesema kwamba Mhindu hukaa tu akingoja yaliyoandikwa ameona mafungu mawili na kulisahau la tatu.

Mfano wangu, hata hivyo, unafika mahali ukakwama, na hapo unapokwama ndipo penye kiini cha dini yenyewe. Duka linatafuta faida. Ungedhani basi kwamba lengo la Mhindu ni kulimbikiza mema mpaka yayazidi mabaya, kisha alipwe pepo. Sivyo. Mema mengi humpa mtu maisha mazuri yajayo, na yanaweza kumfikisha hata peponi, lakini pepo hiyo nayo ina mwisho: mema yaliyomfikisha huko yakishatumika, anarudi kuzaliwa. Walimu wao husema pingu ya dhahabu ni pingu kama ile ya chuma. Lengo la mwisho, ambalo huitwa moksha, si kuwa na salio kubwa bali ni kutoka kitabuni kabisa. Kwa miaka niliyofundisha somo hili, hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukunja uso, kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba kila dini ni mizani ya mema na mabaya.

Lakini mtu atatokaje, ikiwa kuishi ni kutenda na kutenda ni kuandika? Gita inalijibu swali hilo katikati ya uwanja wa vita. Arjuna, mpiga upinde hodari, amesimamishiwa gari lake la farasi kati ya majeshi mawili, anatazama upande wa pili na kuwaona babu yake, walimu wake na binamu zake, na upinde unamtoka mkononi. Hataki kupigana. Krishna, ambaye kwao ni Mungu aliyekuja kwa sura ya mtu, na ndiye aliyeshika hatamu za farasi, anamwambia maneno ambayo Wahindu wengi wanayajua kwa moyo: haki yako ni juu ya tendo, kamwe si juu ya matunda yake. Maana yake ni kwamba kinachoandika kitabuni si mkono, ni ule uchu unaosema "nimefanya mimi, nilipwe mimi". Anayetimiza wajibu wake kikamilifu na kumwachia Mungu matokeo, mkono wake unafanya kazi huku ukurasa ukibaki mweupe. Hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni ya elimu, ya kutafakari mpaka mtu aone kwa yakini kwamba yeye si mwili huu; na ya tatu, inayofuatwa na walio wengi, ni ya mapenzi kwa Mungu, kumwimbia, kumpikia, kumtaja jina asubuhi na jioni. Yoga unayoiona watu wakiifanya ufukweni na kwenye simu ni kipande kidogo kilichokatwa kutoka katika kitambaa hiki.

Wajibu huo ninaoutaja ndio dharma, na haulingani kwa watu wote: wa mwanafunzi si wa mzazi, wa mfalme si wa mtawa. Tena wana desturi ya kuhesabu malengo manne halali ya maisha ya binadamu, nayo ni wajibu, mali, raha na ukombozi. Mali imo, dada yangu. Haimo kwa siri wala kwa kuombewa radhi, mradi itafutwe ndani ya mipaka ya wajibu, na ndiyo sababu tajiri wako haoni ajabu yoyote kuviweka vitabu vya hesabu mbele ya Mungu.

Na mbwa je? Aliyekuambia hakukosea kabisa. Chandogya Upanishadi, mojawapo ya maandiko ya zamani sana ya falsafa ya Kihindu, inasema waziwazi kwamba wenye mwenendo mbaya wanaweza kuzaliwa mbwa au nguruwe. Wahindu wengi wa leo huona kwamba kuzaliwa binadamu ni nafasi adimu ambayo haipaswi kupotezwa, na hiyo ndiyo shabaha ya fundisho lenyewe. Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo, kwa sababu mstari huohuo, baada ya kutaja mbwa na nguruwe, unamtaja na mtu wa tabaka la chini kabisa. Hapo karma inageuka silaha: maskini na mtu wa kazi za uchafu anaambiwa kwamba mahali alipo ndipo anapostahili. Mfumo wa matabaka umewatesa mamilioni ya watu kwa karne nyingi, na wapo Wahindu wanaosema kuwa ni desturi ya jamii tu iliyojibandika kwenye dini. Mimi nadhani ni zaidi ya hivyo, maana maandiko yaliuunga mkono. Ila ni kweli pia kwamba waliopigana nao kwa nguvu walitoka humohumo. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya walioitwa wasiogusika, alikichoma hadharani kitabu cha sheria za kale cha Manu mwaka 1927, akaja kuongoza kamati iliyoandika Katiba ya India, ambayo tangu mwaka 1950 imepiga marufuku mtu kutengwa kwa sababu ya tabaka, na mwaka 1956 akauacha Uhindu na kuwa Mbudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Marufuku ya karatasini haijayamaliza mambo vijijini.

Sasa turudi kwa Mungu. Katika Chandogya hiyohiyo kuna baba aitwaye Uddalaka anayemfundisha mwanawe Shvetaketu, kijana aliyerudi kutoka masomoni akiwa amejaa majivuno. Baba anamwambia: tia chumvi hii katika maji, uniletee asubuhi. Asubuhi anamwambia: haya, nirudishie ile chumvi. Kijana anapapasa asiione. Baba anamwambia onja juu, ni chumvi. Onja katikati, ni chumvi. Onja chini; ni chumvi. Huioni, anasema baba, lakini imo yote. Vivyo hivyo kuna uhalisi mmoja uliojaa katika kila kitu, nao ndio nafsi ya ulimwengu, na wewe, Shvetaketu, ndiwe huo. Uhalisi huo huitwa Brahmani. Wanafalsafa wao wamegombana kwa zaidi ya miaka elfu moja juu ya yale maneno ya mwisho. Shankara, wa karne ya 8, alisema nafsi na Brahmani ni kitu kimoja bila tofauti yoyote. Ramanuja, karne chache baadaye, akasema ni kitu kimoja kama mwili na roho vilivyo kitu kimoja, yaani nafsi ipo ndani ya Mungu na haipotei. Madhva, wa karne ya 13, akakataa yote mawili akasema Mungu ni Mungu na nafsi ni nafsi, milele. Watatu hao wote ni Wahindu wazuri, na hakuna aliyefukuzwa.

Hiyo milioni 330 inatokana na neno koti. Katika lugha za India, koti ni milioni 10, kama laki ilivyo 100,000, na laki tumeichukua hukohuko. Lakini kwa Kisanskriti koti huweza pia kumaanisha aina au daraja, kwa hiyo "koti 33" wengine huisoma kama aina 33 za miungu, kwa sababu Veda, yale maandiko ya kale ambayo Rigveda ni mojawapo, hutaja miungu 33, na wengine huisoma kama milioni 330. Upanishadi nyingine, Brihadaranyaka, inasimulia jinsi mtu alivyombana mjuzi Yajnavalkya: miungu iko mingapi? Akajibu 3,306. Sawa, lakini hasa iko mingapi? Thelathini na tatu. Sawa, lakini hasa? Sita. Akabanwa tena: watatu, kisha wawili, kisha mmoja na nusu, na mwisho mmoja. Mhindu wa kawaida hana haja ya kwenda mbali hivyo. Familia moja humwona Mungu Mkuu katika Vishnu, ambaye huja duniani kwa sura kama Rama na Krishna; nyingine katika Shiva; nyingine katika Mungu Mama, iwe ni Durga, Kali au Lakshmi; na karibu wote humwomba kwanza Ganesha mwenye kichwa cha tembo, aondoaye vikwazo, kabla ya kuanza jambo lolote. Rigveda ina mstari usemao kwamba iliyo kweli ni moja, wenye hekima huiita kwa majina mengi, na Wahindu wengi wataunukuu ukiwauliza. Kwamba hiyo ni imani ya Mungu mmoja kama unavyoielewa wewe, sidhani. Kwamba ni imani ya miungu mingi kama unavyoambiwa nyumbani, pia sidhani.

Juu ya masanamu nitakwenda polepole, kwa kuwa ndipo dini yako na yao zinapogongana kwelikweli. Sanamu yao huitwa murti, na kabla ya ibada maalumu ya kumkaribisha Mungu ndani yake, ni jiwe au udongo tu. Kule Bengal, katika sikukuu ya Durga, mafundi hufinyanga sanamu kubwa za udongo wa mto, watu huziabudu kwa siku kadhaa, kisha huzibeba kwa ngoma na kuzizamisha mtoni mpaka udongo unayeyuka. Anayedhani udongo ndio Mungu hauzamishi. Lakini usiamini pia wanaokuambia kwamba murti ni ukumbusho tu, kama picha ya marehemu ukutani. Katika hekalu lao Mungu huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvikwa, huletewa chakula, na mchana mapazia hufungwa ili apumzike. Ukifika saa hizo utaambiwa usubiri. Kwao, Mungu aliye kila mahali amekubali, kwa upendo, kukaa pale ambapo jicho la mtu linaweza kumwona, na kutazamana huko ndiko kunakowapeleka hekaluni. Wapo Wahindu wanaolipinga jambo hili kwa ukali kama mchungaji wako: harakati ya Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875, imekataa masanamu kabisa na huabudu mbele ya moto. Biblia yako inakataza ibada hiyo, nami sikushawishi uikubali. Ninachotaka ni kwamba, ukiikataa, ukatae kile wanachokifanya kweli.

Ng'ombe hawamwabudu kama Muumba. Wanamheshimu kama mama, kwa sababu huwapa maziwa na samli baada ya mama mzazi kuacha kunyonyesha, kwa sababu Krishna alikulia kwa wafugaji, na kwa sababu ya fundisho pana la kutodhuru kiumbe. Wahindu wengi hula samaki au kuku. Wengi hawagusi nyama ya ng'ombe. Na Wagujarati, ambao ndio wengi huku kwetu, mara nyingi hawali nyama ya aina yoyote.

Ile alama nyekundu ni swastika, neno la Kisanskriti lenye maana ya heri. Wahindu, Wabudha na Wajaini wameitumia kwa maelfu ya miaka, na chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920 na kuifanya bendera ya mauaji. Kwenye kitabu cha tajiri wako haina uhusiano wowote na Ujerumani. Huchorwa kwa unga mwekundu pamoja na maneno mawili ya Kigujarati, shubh na labh, yaani heri na faida.

Jioni yenyewe huwa hivi. Diwali huangukia usiku usio na mwezi wa Oktoba au Novemba, na watu huwasha vibatari vya udongo kukumbuka Rama aliporejea Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho. Kwa Wagujarati ndio mwisho wa mwaka wao. Siku inayofuata ni mwaka mpya, ingawa mamlaka ya mapato ina mwaka wake, na huo wewe unaujua kuliko mimi. Vitabu vipya, na siku hizi hata kompyuta, hupangwa mbele ya picha za Lakshmi na Ganesha. Huwekwa nazi, maua na mchele, zikasomwa dua, kisha taa ya samli ikazungushwa mbele ya picha huku watu wakiimba. Taa hiyo hupitishwa kwa kila mmoja, naye hupitisha viganja juu ya mwali na kujigusa uso. Mwisho hugawiwa vitamu vilivyowekwa mbele ya Mungu, vinavyoitwa prasadi, maana yake neema.

Mwenzako kazini anakosea kwa neno, si kwa jambo. Kafara kwa Kiswahili ni kitu cha kuondolea balaa. Hutupwa njia panda na watu hukiogopa. Prasadi ni kinyume chake: ni zawadi iliyotolewa kwa Mungu ikarudi ikiwa imebarikiwa, na ladu yenyewe ni unga wa dengu, samli na sukari, hakuna damu wala kilichochinjwa. Lakini ni kweli kwamba imetolewa mbele ya mungu ambaye si wako, na nisikufiche hilo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo kama hili katika sura ya 8 na ya 10 za waraka wa kwanza, na Wakristo hawakubaliani jinsi ya kumsoma. Wengine hushika pale anaposema sanamu si kitu na hula bila kuuliza. Wengine hushika pale anapoonya juu ya kushiriki meza mbili. Mimi si mchungaji. Kaa na wako ana kwa ana, umweleze kitakachofanyika hatua kwa hatua kama nilivyokuelezea, usimwambie tu "wanaabudu masanamu", kwa sababu jibu atakalokupa litategemea swali utakalompelekea.

Kwa upande wa adabu, njia ziko zaidi ya mbili. Unaweza kwenda na kushiriki yote. Unaweza kwenda, ukavua viatu mlangoni, ukakaa kimya nyuma wakati wa dua, taa ikija ukaunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo bila kuugusa mwali, na vitamu ukavipokea kwa mkono wa kulia ukavifunga uende navyo. Hakuna atakayekushika shingo ule. Na unaweza kufika baadaye, ibada ikiisha, kwa ajili ya chakula na salamu za mwaka mpya. Ningekuwa wewe ningechagua la katikati, lakini mimi sina mchungaji wa kuniuliza Jumapili. Jambo moja tu nisingelifanya ni kutoa kisingizio cha ugonjwa. Mzee aliyekualika mbele ya vitabu vyake amekuhesabu mtu wa nyumbani, na ukimwambia wazi kwamba imani yako ina mpaka fulani atakuelewa haraka kuliko unavyodhani, maana yeye mwenyewe huenda ana vyakula ambavyo hali mezani kwako. Kama siku moja mwaliko ukigeuka amri au sharti la ajira, hilo litakuwa limeacha kuwa suala la dini, na litakuwa la afisa kazi.

Mimi siwezi kukuambia familia hiyo hasa inafuata mkondo upi. Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki ni wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu wa dini aliyeishi kuanzia mwaka 1781 hadi 1830. Wengine wana Krishna, wengine Mungu Mama, wengine ni wa Arya Samaj na hawatakuwa na picha yoyote. Muulize tajiri kabla ya siku yenyewe, saa ambazo duka limetulia: "Mzee, nyumbani kwenu mnamwomba nani?" Ukitaka kuona zaidi, mahekalu mengi ya mjini huwapokea wageni wanaovua viatu na kuvaa kwa staha, na asubuhi na mapema ndio wakati mzuri, kabla mapazia hayajafungwa. Muulize pia duka litafunguliwa lini. Kwa desturi ya Kigujarati, wengi huanza biashara ya mwaka mpya siku ya tano, inayoitwa Labh Pancham, na hapo ndipo chini ya ile alama nyekundu utakapoandika ingizo la kwanza.